Kipande cha Glovu

Kwa miaka tisa Zita alifanya kazi katika mgahawa wa mabawa ya kuku, mtaa wa West Side mjini Buffalo, Marekani. Alikuwa Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, mkoani Kigoma, mwanamke asiye na maneno mengi. Wateja hakuwajua kwa majina, aliwajua kwa wanachokula. Dereva wa basi mwenye mvi: mabawa kumi, pilipili ya wastani, yakauke vizuri. Wauguzi wawili wa zamu ya mchana: viazi bila chumvi, mchuzi pembeni. Akiwaona tu wanavuka barabara, anatia kuku kwenye mafuta.

Ni yeye aliyemwombea kazi Gaudiosi, waliyekuwa wakiimba naye kwaya kanisani. Akamfundisha kukaanga, kupima moto wa mafuta, kila kitu. Gaudiosi alikijua Kiingereza, kwa hiyo baada ya mwaka mmoja akafanywa msimamizi wa jikoni. Zita hakuwa na kinyongo. Alimpigia makofi.

Mchana mmoja mteja alikuta kipande cha glovu ya bluu kimeganda kwenye ngozi ya bawa. Akakipiga picha, akaitupa mtandaoni. Siku hiyo Zita alikuwa kwenye dirisha la kuhudumia wateja walio ndani ya magari, na aliyekuwa akikaanga ni Gaudiosi. Mwenye mgahawa alipoingia amewaka hasira, Gaudiosi akasema, kwa Kiingereza chake kizuri, kwamba ni Zita. Zita alielewa kila neno. Alipotaka kujitetea, Kiingereza kikamkimbia. Akaambiwa avue aproni aende.

Kazi angepata nyingine. Kilichomuumiza kilikuwa kanisani, kwa sababu Gaudiosi aliupeleka uongo ule mpaka huko. Wiki tatu baadaye kulikuwa na msiba, na Zita akapika maharage na ndizi kama alivyozoea. Watu walipita na sahani zao, wakachota huku, wakachota kule. Sufuria lake hakuna aliyeligusa. Mama Florida, kiongozi wa akina mama, akamsogelea na kumnong'oneza: "Mama Isaro, usichukulie vibaya. Watu wamesikia mambo ya kule kazini kwako."

Alirudi kwa basi, sufuria limejaa, amelipakata.

"Leo nimeacha kumwombea Gaudiosi," alimwambia binti yake Isaro. "Sasa namngoja."

Ng'ambo ya barabara, mkabala na ule mgahawa, palikuwa na duka la piza na mabawa la Myemeni mmoja wa Lackawanna, mji wa jirani. Zita akaingia pale kuosha vyombo. Kila jioni Isaro alimsomea kitabu cha mtihani wa usalama wa chakula. Akaanguka mara mbili. Mara ya tatu akapita, Myemeni akakitundika cheti ukutani na kumkabidhi jiko.

Jambo la kwanza alilofanya ni kusimama kituo cha basi na sinia la mabawa ya kuonja.

"Kumi, wastani, yakauke," alimwambia yule dereva. Dereva akacheka. Kesho yake alikuwa ndani, na wauguzi wakamfuata. Zita aliwavuta mmoja mmoja, kwa subira, baridi mbili nzima. Mara kwa mara aliinua macho kutoka kwenye mafuta, akamwona Gaudiosi kupitia vioo viwili na theluji katikati, amekunja mikono katika ukumbi mtupu. Kwa Zita hilo lilikuwa tamu kuliko chai. Kiangazi kilipofika, ule mgahawa ukafungwa.

Jumamosi moja asubuhi Gaudiosi akaingia, kofia mkononi.

"Bwana asifiwe, dada Zita."

"Amina."

"Nasikia mnatafuta mtu wa kukaanga."

"Tunatafuta."

"Nina watoto wanne, dada. Unanijua."

"Nakujua sana. Kesho kanisani, wakati wa matangazo, simama. Waambie glovu ilikuwa ya nani. Halafu njoo Jumatatu tuongee."

Akasimama kweli. Shati lilikuwa limelowa kwapani. "Ile glovu ilikuwa yangu. Dada Zita hakuwa hata jikoni. Nilimsingizia." Mama Florida akatazama viatu vyake. Mke wa Gaudiosi akajifunika uso kwa kitenge. Zita, safu ya pili, hakupepesa macho. Alitaka kuona yote mpaka mwisho.

Jumatatu, saa tatu kamili, Gaudiosi alikuwa mlangoni.

"Nimekuja, dada."

"Nafasi imejaa."

"Lakini ulisema tutaongea!"

"Tumeongea."

Gaudiosi akatoka. Isaro, aliyekuwa akipokea oda, akamgeukia mama yake na kumwambia kwa Kiingereza kwamba huo ni ukatili, kwamba mtu ameshatubu.

"Ametubu kwa Mungu," Zita akajibu. "Mungu ampe kazi."

Mchungaji alikuja kuzungumza naye. Zita akamsikiliza, akampa chakula, hakubadili neno. Mwezi wa nane Gaudiosi akapata kazi ya ghala huko Columbus, na familia ikahama. Kanisa liliwafanyia maombi ya kuwaaga, Zita hakwenda. Isaro alikwenda kuwasaidia kupakia vitu. Mama yake hakumkataza, na aliporudi hakumuuliza habari zao.