Supu ya Mahindi Niliyoipika Ijumaa

Jamani, hii nilikuwa nimeapa nitazikwa nayo, maana hata leo nikisikia harufu ya mahindi mabichi yakichemka na nazi naona haya upya, lakini mmenichokoza wenyewe, basi sikilizeni, na wa kucheka acheke polepole.

Wakati wa vita vya shifta, Wasomali wa kaskazini walipotaka kujitenga na Kenya, nilikuwa mwalimu Garissa, kijana kutoka Machakos, na sijapata kuwa mpweke namna ile. Walimu wenzangu wa bara walikuwa wameomba uhamisho mmoja mmoja, kafyu ilianza jua likizama, na majirani Wasomali walinisalimu vizuri tu halafu wakafunga milango (na mimi wangu), kwa sababu wao walimhofia mtu wa serikali na mimi nilikuwa nimetiwa hofu juu yao tangu siku niliyopanda lori kuja huko. Jioni nilisahihisha madaftari kwa sauti ili nisikie mtu akiongea. Mlango mmoja tu ndio niliothubutu kuubishia hodi, wa Mama Halima, mke wa Mzee Yusuf mwenye duka, aliyekuwa akiniazima leo kinu, kesho ungo.

Nikaamua niwaalike. Nitawapikia supu ya mahindi aliyotufundisha mwalimu wetu wa chuo, mtu wa visiwa vya Karibi: vipande vya mahindi pamoja na magunzi yake, boga kutoka mashamba ya kando ya Tana, dengu, tui la nazi, madonge ya unga, na pilipili nzima inayoelea bila kupasuka. Yeye alitia na mkia wa nguruwe. Mimi, msomi, nikauondoa, nikajipongeza kwa kujua dini za watu, nikanunua mbuzi mdogo badala yake, na Mama Halima akaniazima sufuria yake kubwa ya sherehe.

Muuza mbuzi aliniambia nimsubiri, atakuja kunichinjia akitoka swala ya Ijumaa, nami nikadhani ni ukarimu tu. Nikatazama jua, nikatazama mahindi, nikaipigia hesabu ile kafyu, nikaona huyu atanichelewesha, na kwetu kila Krismasi mchinjaji si ni mimi? Nikachinja.

Wakaja, jamani! Mzee Yusuf na wazee wengine wa mtaa, na Mama Halima na majirani zake wakakaa upande wao. Nilifurahi hadi nikaogopa nitalia. Nikapakua. Mzee Yusuf akanusa, akasema mashallah, akashika kijiko, akauliza kama mtu anayeuliza habari za shule:

"Nyama fizuri, maalim. Nani alichinja?"

"Mimi mwenyewe!" nikajibu, kifua mbele.

Vijiko vikarudi chini. Hapo ndipo ningenyamaza, lakini wapi, nikanyakua upawa nikaanza kuopoa nyama bakuli kwa bakuli, mbele ya macho yao, mchuzi ukinitiririka hadi kwenye kiwiko, huku nikisema, "Haya, kunyweni supu tu, nyama nimeitoa!" Mzee mmoja akageuka pembeni na kukaza midomo (kwa hasira au kwa kicheko, sijui hadi leo).

"Maalim, keti," Mzee Yusuf akasema taratibu. "Bole sana. Wewe hukujua. Lakini nyama hii kwetu haramu, na maji yake haramu."

"Na sufuria?" nikauliza, maana ndiyo kwanza niliikumbuka.

Mama Halima akajifunika mdomo kwa shela. Wakanywa maji yangu, wakaniombea dua, wakaondoka mapema, kafyu ikiwa bado mbali.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikaisugua ile sufuria kwa majivu na mchanga mpaka viganja vikachubuka, nikampelekea Mama Halima. Akanipokea mlangoni.

"Kaa nayo, walaal," akasema, yaani ndugu. "Sasa iko ya wewe. Hutasumbuka tena kuomba."

Alisema kwa upole kabisa, nami nikashukuru, na nilipoiweka chini nyumbani ndipo nilipoelewa kwamba sina tena sababu ya kwenda kubisha hodi. Nililia, siwafichi.

Tangu hapo sigusi kisu kabla ya kumuuliza mgeni wangu anachokula na nani amchinjie, hata awe ndugu yangu. Na ile supu niliinywa peke yangu mpaka ikachacha. Ilikuwa tamu kuliko ya mwalimu wangu, na sikuwa na mtu wa kumwambia.