Zulia Langu na Kiu ya Mama

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, wanawake wa jumuiya walipokuja kusali nyumbani kwangu Kijenge, na mimi nikamfedhehesha mama yangu mzazi mbele yao kwa sababu ya zulia.

Nilikuwa sijafika hata miaka thelathini. Mume wangu, Baba Upendo, alikuwa dereva wa malori ya Namanga, na safari moja alirudi na zulia nene, rangi ya maziwa. Vumbi la Arusha unalijua. Zulia la rangi ile mtu mwenye akili timamu halitandiki mjini hapa. Mimi nililitandika, nikawa mtumwa wake. Viatu vilibaki mlangoni, watoto walikula jikoni. Nikajifunza madoa kama wengine wanavyojifunza cherehani. Chai ikimwagika nilikandamiza kwa kitambaa cheupe kikavu wala sikusugua, maana ukisugua unaizamisha chini. Maziwa na damu nilivitoa kwa maji ya baridi. Ukiweka ya moto, doa linaivia humo humo na halitoki tena. Mafuta niliyanyunyizia unga, nikauacha unyonye, kisha nikaufagia. Majirani walikuja kuniuliza, nami nikajiona mtu.

Baba yangu alipofariki, kaka yangu Aminieli, aliyebaki na boma letu kule Akheri mlimani, aliniomba nimchukue mama akae karibu na hospitali, kwa kuwa miguu ilikuwa inamsumbua. Mama akaja na kitenge chake cha kanisani na ndizi za kutosha mtaa mzima. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kimeru ndiyo lugha aliyoiongea. Kiswahili alikielewa vizuri, cha kanisani na cha sokoni, ila kukitamka mbele za watu aliona haya.

Wiki ya kwanza alimwaga loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa mgando. Nikafuta. Wiki ya pili nikakuta unyevu mbele ya kochi alipokuwa amekaa, na harufu ikaniambia ni nini. Ni umri, mwanangu. Kibofu kinachoka kama magoti yanavyochoka. Wakati ule sikuliona hivyo. Niliona uzembe. Nilifuta kwa siki na maji huku nikisonya, na yeye akiwa amekaa pale pale ananitazama.

Basi siku hiyo ya Jumamosi, sala ilipokwisha, tukainuka kuimba. Mama naye akainuka, na chini yake zulia lilikuwa limelowa, doa kubwa kama sinia. Wanawake waliliona, wakageuza macho kwa adabu. Mimi sikugeuza macho. Nikasema, tena kwa Kiswahili ili wote wasikie kwamba uchafu ule si wangu:

"Mama, tena? Mtoto mdogo anajua kusema, wewe unashindwa?"

Nikaleta ndoo, nikapiga magoti mbele ya miguu yake, nikaanza kufuta kabla hata hajapata pa kwenda. Sketi yake ilikuwa inadondosha maji kwenye mkono wangu. Mama Lazaro, mkubwa wetu kwenye jumuiya, alivua kanga yake akamfunga mama kiunoni, akamshika mkono kumpeleka chumbani. Alipopita karibu yangu aliinama akaniambia kwa sauti ya chini:

"Elinipa, hiyo ndoo ingetusubiri tuondoke."

Niliyasikia maneno hayo, nikayachukia. Nilijiambia kwamba kwake hakuna zulia, angejua nini.

Siku iliyofuata niliweka kiti cha plastiki kwenye korido ya saruji, karibu na mlango wa jikoni. Nikamwambia mama, "Kaa hapa. Hapa hata ukimwaga hakuna shida." Akasema, "Ni kweli, mwanangu," akakaa. Hakukanyaga tena sebule. Watoto wakitazama televisheni, yeye aliisikiliza akiwa kwenye korido.

Na madoa yakaisha. Sikiliza hapa vizuri, maana ndipo ninapoumia zaidi. Siku zilipita, kisha wiki, hakuna unyevu mahali popote, hata shuka zake zilikuwa kavu. Mimi nilifurahi! Nilimwambia Baba Upendo kwamba mama kumbe alikuwa anadeka tu, ameambiwa mara moja ameelewa. Kikombe chake cha chai nilikikuta kimejaa jioni kama nilivyokiacha asubuhi, nikakimwaga, nikakiosha, sikuuliza kitu. Midomo yake ilipasuka, nikampaka mafuta ya mgando. Alianza kusinzia mchana kutwa, nikasema ni uzee.

Asubuhi moja aliinuka kitini akaanguka. Macho yalikuwa wazi lakini aliniita kwa jina la mama yake.

Hospitalini tulipokelewa na daktari kijana, mtu wa pwani, mpole. Alimwamkia mama kwa heshima zote, "Shikamoo bibi," akamvuta ngozi ya mkono kwa vidole viwili. Ngozi ikabaki imesimama. Akamwekea dripu. Baadaye, mama alipoanza kurudiwa na fahamu, daktari akamwuliza, "Bibi, kwa siku unakunywa maji vikombe vingapi?"

Mama alinitazama kwanza mimi. Kisha akamjibu kwa Kimeru, taratibu, bila hasira hata kidogo: "Sinywi. Nikinywa nachafua nyumba ya mtoto."

Daktari akanigeukia. "Amesemaje?"

Mwanangu, nilikuwa na sentensi moja tu ya kutafsiri. Nikasema, "Anasema hashikwi na kiu."

Daktari akaandika hivyo kwenye faili. Na mama, aliyekielewa Kiswahili kama mimi na wewe, alisikia uongo wangu mwanzo hadi mwisho. Alifumba macho. Sijui kama alikuwa ananionea huruma au alikuwa amechoka nami. Nimejiuliza miaka yote hii.

Figo zilikuwa zimeshaumia. Alipopata nafuu kidogo akaomba arudishwe mlimani. Sikumkatalia, na ukweli ni kwamba nilipumua. Kaka akaja kumchukua. Nilienda kumwona mara mbili. Mara zote mbili nilipanga njiani nitakachosema, nikafika nikazungumzia migomba, nikazungumzia mvua, nikaaga. Mara ya tatu nilienda kuzika.

Pale msibani wifi yangu, mke wa Aminieli, alinikumbatia akaniambia, "Wifi, mama alikusifu mpaka mwisho. Alimwambia kila mgeni kwamba nyumba ya Elinipa ni safi, huwezi kuona doa." Alisema akidhani ananifariji. Nilijitoa mikononi mwake, nikaenda nyuma ya zizi peke yangu.

Sikumwambia wifi. Sikumwambia Aminieli, naye sasa amefariki. Mama Lazaro alikuja kunipa pole, akakaa na mimi mpaka jioni, nadhani alijua. Mchungaji nilimweleza, akanisomea neno la msamaha, nikaitikia amina. Lakini aliyekuwa na haki ya kunisamehe nilimnyima nafasi ya kusikia naomba nini. Nimekuwa mzee sasa, nami usiku na mchana nainuka kwenda chooni, na kila nikichelewa natazama nani ameniona.

Wewe, mtoto wa jirani, umekuja kuniuliza namna ya kutoa doa kwenye zulia, kwa kuwa bibi yako amehamia kwenu. Nitakwambia. Kausha kwanza kwa taulo, ukikandamiza mpaka taulo isilowe tena. Changanya siki na maji, nusu kwa nusu, jaribu kwanza pembeni pasipoonekana, kisha lowesha doa, liache kidogo, likaushe tena. Nyunyiza magadi ya unga, yakae hadi yakauke, ufagie. Litatoka.

Lakini fanya hivyo bibi akiwa hayupo hapo. Mpeleke kwanza akabadilishe nguo, mpe kikombe cha maji, kaa naye mpaka akimalize, ndipo urudi kwenye zulia. Kikombe kikirudi kimejaa, uliza. Sebule ikikauka ghafla, usishangilie, uliza. Mkalishe mnapokaa ninyi wote. Na kama umeshamwumiza kwa maneno, usingoje upate maneno mazuri ya kuomba radhi. Sema hata kwa kigugumizi, sema leo, akiwa bado ana masikio ya kukusikia. Mimi sikusema, na hakuna aliyeniambia namna ya kuishi baada ya hapo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi mpole, na siku yako ya kuzeeka ikifika, akukalishe kwa watu watakaokuambia, "Kunywa, usiogope."