Jina la Zornitsa kwenye Geti Letu

Mjini inasemwa kwamba wageni kutoka jiji la Plovdiv waliuvamia msiba wetu, wakachana matangazo ya familia na kunyakua jeneza. Si kweli. Nilikuwepo, na kwa kuwa mume wangu Veselin hayupo tena kulitetea jina la nyumba hii, nitasema mimi.

Marehemu alikuwa Zornitsa, mtoto wa shemeji yangu Krum. Alizaliwa akaonekana mvulana, akaitwa Zdravko, lakini tangu utotoni alijijua kuwa msichana. Alipolisema hilo waziwazi, baba yake alimfukuza. Huko Plovdiv alishona mapazia. Wenye nyumba walimpokea vizuri mpaka walipoona jina Zdravko kwenye kitambulisho chake, kisha vyumba vikawa vimeshachukuliwa. Mwishowe yeye na rafiki yake Mirela walikodi ghorofa juu ya saluni, na kila aliyefukuzwa kwao kama wao alipata pale kitanda na supu ya maharagwe.

Majira ya baridi alishikwa na homa ya mapafu. Kliniki, muuguzi alimwita Zdravko mbele ya foleni nzima. Watu wakacheka, naye akaondoka bila kutibiwa. Mirela alipomfikisha hospitali, muda ulikuwa umepita; yeye na wenzake watatu wa ile ghorofa wakamleta azikwe kwetu.

Kwetu mtu akifa, tangazo lenye jina na picha yake hubandikwa getini na kwenye nguzo za mtaa, wala haliguswi na mtu mpaka mvua ilimalize. Mirela alibandika yaliyoandikwa Zornitsa. Asubuhi nilimkuta Krum getini, anayabandua kwa kucha, kwapani ana yake: Zdravko, na picha ya mwanafunzi wa kiume.

“Krum, hilo ni tangazo la maiti,” nilimwambia, kwa sauti yangu ya ualimu.

“Shemeji, hapa si darasani. Nilizaa mwana wa kiume, nazika mwana wa kiume.”

Katika ukoo huu hakuna aliyewahi kuchana tangazo la marehemu, hata la adui.

Na huyo mwana, Krum hakumzika vilevile. Ulipofika wakati wa kubeba jeneza, wanaume wetu walibaki ukutani wakivuta sigara. Gencho, jirani yetu, aliuliza abebe kama anabeba bwana au bibi, nao wakacheka, jeneza likiwa hapo uani. Mirela na wenzake watatu ndio waliolinyanyua, viatu vikizama kwenye tope. Niliwafunga taulo begani, kama wanavyofungwa wabeba jeneza kwetu.

“Mama,” Mirela aliniuliza taratibu, “hawa ndio ndugu zake?”

Nilitamani kusema hapana. Nilisema ndiyo, macho yangu yakiwa chini.

Arobaini ikifika, matangazo huchapishwa upya. Nilichapisha mimi: Zornitsa, na jina la ukoo wetu kamili. Nilikuwa napaka gundi tangazo la getini Krum alipotokea, akanyoosha mkono.

“Chana,” nilimwambia. “Ila chana mchana huu, mtaa ukikuona, na mimi nimesimama hapa.”

Alilisoma jina hadi mwisho. Mkono ukarudi mfukoni.

Tangazo lipo, asiyeamini aje asome. Ila kama Krum aliingia ndani kula ngano ya kuchemsha inayoliwa kumkumbuka marehemu, na kama alikaa meza moja na Mirela, na nani alilia, hayo ni ya nyumbani kwetu. Sisemi zaidi.