Mikono Iliyomwosha Mama

Mama yangu alifia nyumbani kwetu Nyangamara alfajiri, nami nilikuwa Nangurukuru, katika chumba cha kulala wageni, upande usiofaa wa daraja lililobomoka. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam siku iliyotangulia baada ya kuambiwa kwamba hali yake imebadilika, na basi letu likaishia hapo kwa sababu mvua ilikuwa imeichukua barabara. Kaka yangu alinipigia simu mara moja tu.

"Mama ametutoka," alisema. "Tunazika baada ya Adhuhuri. Nikipata habari kwamba umevuka, nitawaomba wangoje hadi Alasiri. Njoo umwoshe, dada. Binti yake ni wewe tu."

Kwetu maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake, na wanawake hawaendi makaburini. Kwa hiyo kuosha ndiko kuzika kwetu. Binti humshika mama yake kichwa, humwagia maji, humfunga sanda pamoja na wenzake, kisha wanaume hubisha hodi na kumchukua. Baada ya mlango huo kufungwa hakuna mahali pengine pa kumuaga mtu. Nilijua kwamba nikikosa hapo nimekosa kabisa.

Nilifika kwenye daraja kwa bodaboda. Udongo wa pande zote mbili ulikuwa umekwenda, na vijana wenye nguvu walikuwa wakiwavusha watu kwa kamba, maji yakiwafika kifuani. Nikavuka, mzigo ukiwa kichwani. Ng'ambo ya pili hakukuwa na gari hata moja. Mabasi ya Lindi yalikuwa yamegeuza tangu jana. Nikampigia kaka, simu haikupatikana. Umeme ulikuwa umekatika kote huko, na nadhani chaji yake iliishia katika kuwajulisha ndugu. Nilijaribu namba zote za nyumbani nilizokuwa nazo. Kimya.

Hapo ndipo nilipowakumbuka watu wa kuku.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa katika kundi la WhatsApp la wafugaji wa kuku wa kienyeji. Nina shahada mbili na mabanda mawili, na mabanda yamenifariji zaidi. Hatukuwa tumeonana hata siku moja; tulijuana kwa picha za majogoo, kwa magonjwa ya vifaranga na kwa utani. Sharti lilikuwa moja: kuku tu, mengine yote nje. Niliandika kwamba mama yangu amefariki, kwamba nimekwama kabla ya Kiswere, na kwamba anahitajika mtu wa kwenda Nyangamara kumwambia kaka yangu nimekwisha vuka, anisubiri.

Msimamizi wa kundi alijibu kwanza: "Dada, hapa kuku tu." Halafu akaufuta ujumbe wake upesi, akaandika: "Nisamehe, nilikuwa sijasoma. Jamani, nani yuko kusini?"

Wakajitokeza wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wa madrasa wa Kiswere, tuliyemtania kila siku kwa sababu ya kuku wake wa kuchi, wale warefu wa kupigana. Mwingine alikuwa mama muuza mayai wa Lindi mjini. "Mimi natoka sasa hivi, nachukua boda mpaka Nyangamara," aliandika. "Wewe njoo tu, dada yangu. Watakusubiri."

Mwalimu alinikuta nimekaa juu ya mzigo wangu kando ya barabara. Alizima pikipiki, akanitazama.

"Ndiyo wewe mwenye jogoo wa mafua?"

"Ndiyo mimi."

"Alipona?"

"Alikufa."

"Pole," alisema, na sote wawili tukajua kwamba pole ile haikuwa ya jogoo. Nikaanza kulia. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Panda, mwanangu. Hawa kuchi mnaowacheka ndio walioninunulia chombo hiki."

Alinibeba hadi Lindi bila kupumzika, na kutoka Lindi akakataa kunikabidhi kwa mtu mwingine. Njia nzima nilimwomba Mungu jambo moja, kaka asikie kwamba nimevuka. Huko nyuma ya pikipiki niliamini kwamba amesikia. Nilikuwa nimeanza kufikiri nitamshikaje mama kichwa.

Tulipoingia nyumbani wanaume walikuwa wakinawa udongo miguuni.

Kaka yangu aliniona, akaweka kopo chini. Hakuwapo nyumbani mjumbe wangu alipofika. Alikuwa makaburini anachimba na wenzake. Yaliyotokea nilielezwa baadaye na mama mdogo, mdogo wake mama, tukiwa tumekaa kwenye mkeka ndani.

Yule mama wa Lindi, kwa adabu zake, hakuweza kuingia msibani mikono mitupu. Alipita dukani, akanunua mchele na sukari, akaja navyo kwa jina langu. Na kwetu asiyeweza kufika hutuma mtu na ubani, mchango wake wa msiba. Ubani ukipokelewa, aliyeutuma hangojwi tena. Mzee aliyekaa barazani aliona kiroba kabla ya kusikia maneno. Akatangaza: "Ubani wa binti umefika." Basi wanawake wakaanza kuchemsha maji, na kaka aliporudi kumchukua mama akaambiwa hivyo hivyo.

"Alisema unakuja," mama mdogo aliniambia. "Sikufichi. Alisema, yuko njiani, ngojeni. Nikamwambia, mwanangu, watu wa mjini wote husema wako njiani. Nani ayavuke maji yale? Nikamwambia, aliyetumwa ndiye aliyekuja. Kaa hapa, mshike kichwa."

"Ukamkalisha mahali pangu?"

"Nilimkalisha mahali pako, ndiyo. Pasingekaa patupu."

Yule mama alikuwa pembeni, amejitanda kanga hadi machoni, na hapo ndipo nilipoiona sura yake kwa mara ya kwanza. Nilimchukia. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Ameacha mayai yake sokoni, amepigwa na mvua kwa ajili yangu, nami nilimtazama kama mtu aliyeniibia.

Alinisogelea kwa magoti. "Nilikataa, dada," alinong'ona. "Wallahi nilikataa. Wakanishika mkono. Nikaogopa kuleta fujo mbele ya maiti."

Niligeuza uso ukutani.

"Nywele zake ni laini," akasema. "Nilizisuka mafundo matatu kama walivyonielekeza. Nilimwagia polepole. Nilimwambia, mama, ni mimi, binti yako, nisamehe nimechelewa. Sikujua niseme nini kingine."

Mama alikuwa akijifunga kitambaa daima. Nywele zake sikuwa nimeziona tangu utotoni. Nilitaka kuuliza zilikuwa nyeupe kiasi gani. Badala yake nikaishika mikono miwili ya yule mama wa Lindi, nikaiinua usoni pangu. Ilikuwa ingali inanukia karafuu maiti tunayowapaka wafu wetu. Nikajifunika nayo pua, nikavuta harufu hiyo mpaka alipoanza kulia yeye, na mama mdogo akatuacha hivyo hivyo.