Siku Amplifaya ya Zakayo Iliposikia Ombi Langu

Ninamshukuru Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na pumzi, na meno ya kutosha kutafuna muhindi wa kuchoma, na rafiki ambaye bado ananipa mkono. Sifa zote ni zake, kwa maana mimi mwenyewe nisingejitoa katika aibu ninayotaka kuwasimulia. Ilikuwa aibu ya kanisani, mbele ya watu wanaoniita mzee wa kanisa, na mpaka leo kuna mama mmoja muuza mboga hapa Shieywe ambaye akiniona hufunika mdomo kwa leso. Acheni niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwake, maana yeye ameshaitia chumvi.

Rafiki yangu Zakayo, anayekaa Shirere, amekuwa mpiga gita wa kanisa letu tangu sote wawili tukiwa na nywele. Gita lake hupitia amplifaya moja ya kale, sanduku la mbao lenye uzito wa mbuzi wa kuchinja, lisilo na vidude vya kisasa bali valvu, yaani vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani polepole kama makaa. Tangu mkewe alale usingizi wa milele, Zakayo hatoki nyumbani ila kwa ajili ya gita hilo. Jumapili huoga, huvaa koti na kuja; siku nyingine zote ukimtembelea unamkuta ameketi mlangoni na chai iliyopoa. Sasa mwaka huu amplifaya ikaanza kukohoa katikati ya nyimbo, na kamati ikasema kwa upole (upole wa kamati ni kitu cha kuogopwa) kwamba ikileta matata tena siku ya mavuno, kinanda cha Linet, binti wa kwaya ya vijana, kitashika nyimbo zote, na Mzee Zakayo atapumzika. Sote tulijua maana ya kupumzika.

Mimi kabla ya kustaafu nilikuwa fundi wa redio, kwa hiyo nikasimama pale pale nikasema nitaifufua. Valvu nilizipata kwa mjane wa fundi mwenzangu kule Lumakanda, zikiwa bado kwenye maboksi yake, mbili kubwa na tatu ndogo. Nikangoja stima iliyobaki ndani iishe (mashine ya namna hii inaweza kukuua hata baada ya kuichomoa ukutani), nikalehemu nyaya zilizooza, nikasugua soketi kwa mswaki, nikapachika valvu zote mpya, na zilipowaka nilikaa chini nikazitazama tu, kama mtu anayetazama mtoto akilala.

Ikabaki jambo moja. Valvu ndogo ya kwanza, pale unapoingia waya wa gita, ndiyo sikio la mashine nzima, na kila inachokisikia zile nyingine hukikuza. Kwa hiyo fundi huongeza sauti, kisha huigonga kidogo kwa penseli. Ikiwa nzima inasema tup na kunyamaza. Ikiwa mbovu inalia kama kengele, na valvu ya namna hiyo hudaka hata maneno ya watu walio karibu, utadhani ni maikrofoni. Hayo niliyajua kama ninavyojua jina langu. Ila daktari alikuwa ameshaniambia kwamba masikio yangu yamechoka, akanipa kifaa cha kusikia kidogo kama punje ya hindi, nami nilikuwa nimekitunza vizuri sana, kwenye droo ya soksi. Nikajiambia, mtu aliyetengeneza redio maisha yake yote atahitajije kifaa kusikia penseli? Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Nikagonga. Kimya. Nikagonga tena, kimya kabisa, nikamsifu Mungu kwa valvu tulivu namna ile. Mama Esta, mke wangu, alikuwa jikoni akisonga obusuma, ugali wetu, akaniuliza, "Baba Esta, hiyo kitu inalianga hivyo?"

"Inalia vipi?"

"Kama kijiko kwa gilasi."

Nikamwambia anasikia sufuria zake. Akanijibu kwamba sufuria aliyonayo imejaa obusuma, na obusuma hailii. Nikamwambia kazi ya ufundi aniachie mimi.

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa mikungu ya ndizi, miwa, magunia ya mahindi, na kuku waliofungwa miguu. Zakayo alikuja mapema, viatu vinang'aa. Alinivuta pembeni akanionyesha mkono wake wa kushoto ukitetemeka, jambo ambalo alikuwa amenieleza mimi peke yangu, akasema kidole cha pete siku hizi kinakataa kubana nyuzi. Nikamwambia asiogope, nitapunguza ukali wa sauti na kuongeza mwangwi ili makosa yafunikwe. Kisha nikaweka kiti changu nyuma ya amplifaya, ambapo sanduku liko wazi, nizichunge valvu zangu.

Gita lilitoka tamu kuliko nilivyotarajia. Baadaye jogoo aliyefungwa karibu yangu akawika, na nikaona watu wote wanacheka hadi mchungaji anashika tumbo, na Zakayo akageuka kunitazama kwa wasiwasi. Mimi nikacheka pia, nikidhani wamefurahia ukubwa wa jogoo. (Baadaye nikaambiwa kwamba aliwika mara mbili, mara ya kwanza kwa mdomo wake na mara ya pili kwa spika, na mara ya pili alikuwa kama jogoo wa ukubwa wa ng'ombe.)

Ndipo mchungaji akasema tuinamishe vichwa, kila mmoja amwombee mwenzake kimya kimya. Nikaweka viwiko juu ya sanduku, nikainamia lile tundu lenye joto, nikanong'ona. Mtu asiyesikia vizuri hajui mnong'ono wake una ukubwa gani.

"Ee Bwana, mkumbuke Zakayo. Vidole vyake vinatetemeka, hawezi tena zile nyimbo ngumu, na nimeharibu sauti makusudi wasijue. Wazibe masikio wanakamati wako mpaka sadaka iishe. Usimrudishe kwa ile chai iliyopoa. Na mchungaji naye, Bwana, afupishe."

Kila neno nililosema, mbao ilitetemeka chini ya viwiko vyangu, nami nikazidi kuomba, nikiamini ni Roho ananijibu. Kumbe ombi lote lilikuwa linamwagika kanisani kwa mwangwi kama sauti ya nabii kutoka pangoni, na yule mama wa mboga alikuwa ameshapiga magoti, akidhani siku ya mwisho imefika.

Nilipofungua macho watu wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Kuna nini?" na safari hii hata mimi niliisikia sauti yangu ikitoka kwenye spika.

Hakuna aliyecheka. Zakayo alikuwa amesimama, uso umemshuka, gita likining'inia. Mwenyekiti wa kamati akakohoa, na nilijua kikohozi hicho kinaelekea wapi. Lakini Zakayo akainua mkono wake wa kushoto ili wote wauone ukitetemeka.

"Fundi amesema kweli," akasema. "Mkono umekataa. Na yeye amekataa kuwaambia kwamba hasikii, ndiyo sababu ametuletea hii mashine inayosengenya watu. Sasa mnatujua sisi wawili. Nipige wimbo wa sadaka, ama niketi?"

Kicheko kilianzia upande wa akina mama. Mwenyekiti akatazama chini, halafu akampungia mkono apige.

Akapiga. Kufika mahali pagumu kidole kikateleza, sauti ikakatika, na kabla sijafumba macho kwa uchungu Linet akagusa kinanda chake, noti moja tu, ya chini, wimbo ukavuka. Kilipoteleza tena akafanya vilevile, bila kumtazama mtu. Tuliimba beti zote, na nyingine tukazirudia. Watu walipokuwa wakinunua kuku wa sadaka, mwenyekiti alipita karibu na Zakayo akamwambia kwamba Jumapili ijayo afike mapema, huyu binti anataka kujifunza nyimbo za zamani na hakuna mwingine wa kumfundisha.

Baada ya ibada Zakayo alitembea mbele yangu, gita begani. Tulipofika langoni kwangu nikamwomba msamaha, nikamwambia sijui nimfanyie nini.

"Kesho njoo ubadilishe hiyo valvu," akasema. Akapiga hatua chache, kisha akageuka. "Lile ombi hukulimaliza. Ulifika kwa mchungaji ukaacha. Mimi nilikuwa nangoja Amina."

Tukaisema pamoja pale barabarani, watu wakipita.

Kifaa cha daktari nakivaa sasa, hata nikienda kununua chumvi, na nimeapa sitamwambia tena Mama Esta kwamba anasikia sufuria. Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akuhifadhie masikio yako, na siku siri yako itakapomwagika mbele za watu, awaweke karibu wale watakaoimba pale utakapokwama. Amina.