Haruna Hakuyapiga Yale Maji

Bado akili yangu inakataa. Jumatano tumeongea kwenye simu, amenicheka kwa sababu ya goti langu, na jana kule Kawempe nimetupa udongo kaburini kwake kwa mikono hii. Banange, Haruna!

Tangu nitoke mazikoni situlii. Nakaa, nainuka, nazunguka uani, mke wangu ananiuliza natafuta nini. Natafuta pa kuanzia.

Mliokuwepo jana mlimsikia binti yake, Zaituni, akisimulia jinsi baba yake alivyoyapiga maji kwa kasia mpaka wanajeshi wakamjia. Mlicheka huku mnalia. Mimi niliinuka niseme kitu, nikakaa tena. Kisa kile kina uongo, na aliyepona kwa uongo ule ni mimi.

Kwa msiotujua: miaka ya sabini, nchi ikiwa mikononi mwa jeshi, mimi na Haruna tulikuwa makarani ofisi moja, meza zinatazamana. Yeye mtoto wa Mengo, ukoo wa wafanyabiashara Waislamu waliokuja zamani kutoka pwani. Mimi Opio, mtoto wa polisi, nimekulia kota za Naguru, kwetu kaskazini.

Miaka ile jina la kaskazini kama langu lilikuwa mzigo; wanajeshi walitushuku watu wa kwetu. Baba yangu alichukuliwa kazini asubuhi moja na hatukuletewa hata kofia yake.

Haruna hakunipa pole nyingi. Jumamosi iliyofuata, tulipofunga ofisi saa saba mchana, aliniambia, "Twende kuvua. Ukikaa nyumbani utaharibika kichwa."

Tulivua ziwani, upande wa Luzira, kwenye kijighuba kilichozungukwa na mafunjo. Alipenda miezi ya baridi, Juni na Julai. Upepo wa kusini unachafua ziwa kubwa, alinifundisha, na samaki aina ya ngege wanaingia huku ndani kwenye maji mafupi, yaliyotulia, yenye joto. Unatia mkono unakuta maji vuguvugu kama chai iliyosahaulika mezani.

Hakutumia fimbo. Mshipi tu, umelala juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na macho kafumba. "Anaonja," ananong'ona. "Mwache aonje." Ningemtupa majini kwa hasira! Mimi kukaa kimya saa tatu ndani ya mtumbwi ni adhabu.

Kazini alikuwa hivyohivyo. Bosi anagomba, memo zinaruka, Haruna anagonga mhuri wake polepole. Tulimwita "Pending", kama faili linalosubiri, naye anaitika.

Alikuwa na sheria moja: maji hayapigwi. Wavuvi wa pale walikuwa na desturi ya kutega wavu mbele ya mafunjo, kisha kuyapiga maji ili ngege wakurupuke waingie wavuni. Lakini ng'ambo ya ghuba kulikuwa na wanajeshi, na mlio ule unasafiri. Hata wavuvi wenyewe walikuwa wameacha.

Jumamosi moja ya Julai tulikuwa na wavu mdogo wa kuazima. Mafunjo yanatikisika, ngege unawaona kabisa, wavuni hakuna kitu. Wiki ile nilikuwa nimezunguka ofisi tatu nikimuulizia baba, zote zimenifukuza.

Nikashika kasia kwa mikono miwili, nikayapiga maji kwa ubapa. Paa! Paa! Paa! Ulikuwa mlio wa bunduki kabisa. Sidhani kama nilikuwa nawafikiria samaki.

Haruna alifumbua macho. Hakunigombeza. Alininyang'anya kasia, akaliweka mapajani mwake, akaniambia, "Wewe leo huna mdomo."

Wanajeshi wanne wakatokea kwa boti ya injini.

"Nani napiga risasi hapa?"

"Hapana risasi, afande. Ni mimi, napiga maji na hii kasia. Natafuta samaki."

"Na huyu? Jina yake nani?"

"Huyu kijana yangu ya duka, afande. Hapana jua kitu."

Wakamchukua yeye na kasia, wakaniachia mtumbwi. Ningelitaja jina langu pale, leo msingekuwa mnasoma haya.

Jumatatu nilimwambia bosi Haruna anaumwa. Akaandika "sick leave". Nilitaka kwenda kwa wale wanajeshi nikaseme ukweli, nikafika mpaka barabara ya Luzira, nikarudi. Mara mbili. Niliogopa. Sina neno jingine la kusema hapo.

Alirudi siku ya tisa, amekonda, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Kile kidole cha shahada hakikuhisi kitu tena maisha yake yote.

Ndiyo maana alikuwa anafunga mshipi kwenye kidole gumba cha mguu! Mmempiga picha, mmezituma humu kundini, mmecheka. Naye anawajibu, "Ujinga wangu mwenyewe, niliyapiga maji." Harusini, Idi, kwenye matanga ya watu, kisa hichohicho, na mimi pembeni nacheka pamoja nanyi.

Serikali ile ilipoondoka nilimuuliza, mbona husemi ukweli sasa? Akasema, "Opio, kidole ni changu, na hadithi ni yangu. Acha kunisumbua, unafukuza samaki."

Nikanyamaza, tena kwa furaha. Hilo ndilo linaloniinua kwenye kiti tangu jana.

Zaituni, mwanangu, baba yako hakuwa mjinga siku ile. Niliyeyapiga maji ni mimi. Yeye alikuwa amefumba macho, anasubiri samaki wake. Wasimulie watoto hivyo, na wasipoamini waje waniulize mimi mwenyewe.

Haruna, najua ungenigombeza kwa kukuharibia hadithi. Nigombeze tu. Lala vizuri, ndugu yangu, na zile siku tisa unisamehe.