Reki ya kabla ya safari

Juzi asubuhi, kwenye duka la vifaa Darajani, mama mmoja aliikandamiza reki sakafuni mpaka meno yakapinda.

"Hii itanivunjikia nusu ya ua."

Muuzaji akampa nyengine, ya chuma kizito. "Hii imara, Bi Mkubwa. Mbona una haraka?"

"Mwanangu anapanda boti saa nne, na ua umejaa majani. Akishatoka sifagii mpaka nisikie kafika. Kufagia nyuma ya msafiri ni kumfukuza asirudi."

Akatazama saa ya ukutani, akaikandamiza reki tena, mara tatu.

Mie, niliyekuwa nangoja zamu nyuma yake, nilicheka kimoyomoyo. Lakini binti yetu alikuwa kaondoka alfajiri ile kwenda Pemba, na alikuwa hajapiga simu. Nilipofika nyumbani nilimkuta mke wangu anafagia uani. Nikamnyang'anya ufagio hata kabla ya salamu.